Shimo la Doukki Gel: sanamu saba, vipande arobaini

## Kisa chenyewe

Januari 2003 timu ya wanaakiolojia wa Uswisi ilikuwa ikichimba magofu ya mahekalu mahali panapoitwa Doukki Gel, jirani na mji wa Kerma kaskazini mwa Sudan. Ndani ya eneo la mahekalu walifikia shimo lililojaa mawe. Mawe yenyewe yalikuwa vichwa, viwiliwili, magoti na nyayo. Vipande vilipohesabiwa vilikuwa kama arobaini. Vilipounganishwa zikapatikana sanamu saba za wafalme watano wa Kushi, dola ya kale iliyokuwa kusini ya Misri: Taharqo, Tanwetamani, Senkamanisken, Anlamani na Aspelta.

Magazeti ya dunia yalikipenda kisa hiki kwa sababu ya dhahabu na itale yake. Mimi nakileta hapa kwa sababu nyingine. Karibu miaka tisini kabla yake, mchimbaji mwingine alifungua mashimo yanayofanana na hili katika hekalu jingine la Wakushi, akakuta wafalme walewale wamevunjwa namna ileile. Ushahidi ulikuwa uleule, ila uelewa uliozaliwa na kila ugunduzi ulikwenda njia yake. Basi mtu anayetaka kujifunza akiolojia inavyofanya kazi, na inavyoharibika, ana visa viwili vya kuviweka kando kwa kando.

Waliotajwa kwa majina ni wale ambao kazi zao zimechapishwa na zinajulikana hadharani. Vibarua, mafundi, wanakijiji na maofisa sikuwataja.

Kabla hatujaendelea, neno moja kwa msomaji wa Nairobi au wa Bombo. Ukisikia "Wanubi" huenda ukawafikiria majirani zako wa Kibera. Hao wana historia yao: wanatokana na askari waliotoka Sudan na kuletwa huku chini ya Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, na wengi wao asili yao ni ya kusini zaidi. Ninaowazungumzia mimi ni Wanubi wa mtoni, watu wa mitende na mashamba membamba ya kingo za Nile, kati ya Aswan na eneo la Dongola. Lugha zao bado ziko hai, na ndizo zilizoipa Doukki Gel jina lake.

## Mahali penyewe

Kerma iko kilomita kama 500 kaskazini mwa Khartoum, kusini kidogo ya Maporomoko ya Tatu ya Nile. Tusipasikie "maporomoko" tukapafikiria Victoria. Ni sehemu ambayo mto unapenya katikati ya miamba ya itale, na mashua zinapata taabu kupita. Miamba hiyo ndiyo iliyokuwa machimbo ya mawe ya wafalme.

Kuanzia miaka ya 2500 KK hadi 1500 KK hivi, Kerma ilikuwa mji mkuu wa ufalme wa Kushi. Hekalu lake kuu, ambalo wenyeji huliita Deffufa, bado limesimama hadi leo. Ni lundo kubwa la matofali mabichi lenye urefu wa mita kama 18 kwenda juu, limeliwa na upepo mpaka linaonekana kama kichuguu kikubwa cha mchwa. Mashariki ya mji kuna makaburi yanayokadiriwa kufikia 30,000.

Miaka ya 1500 KK majeshi ya Misri chini ya Thutmose wa Kwanza yalipiga kusini, na Kerma ikaanguka. Wamisri hawakujenga juu ya mji wa zamani. Walikwenda chini ya kilomita moja kaskazini, wakaanzisha kituo kingine, na hicho ndicho Doukki Gel. Hapo farao baada ya farao waliacha mahekalu yao, wengine wakibomoa ya waliotangulia. Akhenaten naye alifika na matofali yake madogo ya mawe, yanayotambulika popote yanapookotwa. Misri ilipodhoofika na kurudi nyuma, Kushi ilijiinua tena kutoka Napata, chini ya mlima wa Jebel Barkal, na katika karne ya 8 KK wafalme wake wakaitwaa Misri yote. Taharqo, mmoja wao, ndiye Tirhaka mfalme wa Kushi tunayemsoma katika Wafalme wa Pili na katika Isaya, yule aliyetoka kupigana na Waashuri.

Jina "Doukki Gel" ni la Kinubi, maana yake kilima chekundu. Wekundu huo ni wa vigae, tena vigae vya jikoni. Kuzunguka mahekalu palikuwa na matanuri ya kuokea mikate ya sadaka, na vyungu vya kuokea vilitupwa baada ya kutumika, karne nyingi mfululizo, mpaka vikawa mlima. Nakiri kwamba habari hii hunivutia kuliko ile ya dhahabu. Hekalu tunalifikiria kama nyumba ya mawe yenye kimya ndani, kumbe nyuma yake palikuwa na moshi na unga, na watu walioamka alfajiri kukanda.

Jina la kale la mji lilikuwa Pnubs, na asili yake ni mti wa jamii ya mkunazi. Pwani yetu tunaujua mti huo, majani yake huwekwa katika maji ya kuoshea maiti. Kwa Wakushi palikuwa na mungu Amun wa Pnubs, na katika picha za hekaluni huonekana akiwa chini ya mkunazi wake.

## Aliyepita kwanza

Mwaka 1913 Mmarekani George Reisner alianza kuchimba Kerma kwa niaba ya Chuo Kikuu cha Harvard na makumbusho ya Boston. Kwa wakati wake alikuwa mchimbaji bora kuliko wengi. Aliandika shajara kila siku, alipiga picha, alichora ramani. Alikuja na wachimbaji Wamisri wa Quft waliobobea katika kutofautisha tabaka moja la udongo na jingine. Bila kumbukumbu zake, nusu ya uchambuzi huu usingewezekana.

Akakuta makaburi ya duara yenye vipenyo vya makumi ya mita. Ndani yake palikuwa na vitanda, silaha, vyungu vyembamba mno vyenye weusi unaong'aa, na mamia ya watu waliozikwa pamoja na mkubwa wao. Akakuta pia sanamu za Kimisri. Hapo Reisner akakata shauri: hili lilikuwa koloni dogo la Misri, kituo cha biashara, na wakubwa waliozikwa humo ni magavana Wamisri. Hakukubali kwamba dola yenye uwezo huo ingeweza kuwa ya Waafrika wa hapohapo. Alipofika kwenye wafalme wa Napata akasema vilevile: asili yao ni Libya, watu weupe waliotawala weusi.

Wako wasomi waliompinga mapema, tangu miaka ya 1920, wakionyesha kwamba sanamu za Kimisri katika makaburi yale zilikuwa vitu vilivyoporwa au kununuliwa. Lakini jina lake lilikuwa kubwa, na kosa la mtu mkubwa huishi muda mrefu.

Mwaka 1916, kule Jebel Barkal, Reisner alifungua mahali pawili palipozikwa vipande vya sanamu katika eneo la hekalu kuu la Amun. Walikuwemo Taharqo, Tanwetamani, Senkamanisken, Anlamani na Aspelta. Sanamu ziligawanywa kwa utaratibu wa utawala wa wakati ule: nyingine zikabaki Khartoum, nyingine zikasafirishwa Boston. Sanamu ya Anlamani, yenye urefu unaokaribia mita 4, iko Marekani mpaka leo.

## Mfuatano wa mambo

Charles Bonnet wa Geneva alitoka katika familia ya wakulima wa zabibu, na mwenyewe alifanya kazi hiyo ya shambani kabla akiolojia haijamchukua moja kwa moja. Alifika Sudan miaka ya 1960. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa Tabo, katika kisiwa cha Argo, kusini ya Kerma. Hapo yeye na wenzake walifikia hitimisho, na mwaka 1969 wakalichapisha, kwamba Tabo ndiyo Pnubs ya kale. Tulishike jambo hilo, tutalirudia.

Miaka ya 1970 akahamia Kerma. Hapo alikaa. Msimu baada ya msimu, majira ya baridi, timu ilichimba mji uliozunguka Deffufa, nyumba moja moja, ukuta mmoja mmoja. Ilipofika miaka ya 1990 walisogea Doukki Gel, na huko wakaanza kufuata misingi ya mahekalu, ya Wakushi wa Napata na wa Meroe, mji wao mkuu wa baadaye, juu, ya Wamisri chini yake. Dominique Valbelle, msomi wa maandishi ya Kimisri kutoka Ufaransa, alishirikiana nao kusoma yale yaliyokuwa yakitokea mchangani. Maandishi hayo ndiyo yaliyoonyesha kwamba Pnubs ilikuwa hapa, si Tabo.

Ndipo ikaja Januari 2003 na shimo.

Sanamu zilikuwa za jiwe gumu jeusi, zimechongwa kwa mtindo wa Kimisri: mfalme amesimama, mguu wa kushoto mbele, mgongo umeegemea nguzo ya jiwe. Lakini kwenye paji la uso palikuwa na nyoka wawili, alama ya wafalme wa Kushi, badala ya mmoja wa Kimisri. Jiwe liling'arishwa likawa kama kioo, isipokuwa sehemu za taji, vikuku, kikoi na makubazi, ambazo ziliachwa zikiwa na ngozi ya msasa. Sababu ilionekana humohumo shimoni: palikuwa na mabaki ya dhahabu nyembamba kama karatasi. Dhahabu hiyo ndiyo iliyobandikwa kwenye ngozi ya msasa, ili ishike. Majina ya wafalme yalichongwa kwenye sanamu zenyewe, kwa hiyo kuwatambua hakukuhitaji kubahatisha. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya Taharqo.

Zilivunjwa mahali palepale pa kawaida: shingoni, magotini, kwenye vifundo vya miguu. Jiwe la namna hiyo halivunjiki likianguka tu. Mtu alikuwa na nyundo na nia.

Aliyezika, hata hivyo, alikuwa mwingine. Vipande vikuu vyote vilikuwepo, vimekusanywa, vimewekwa pamoja ndani ya ardhi ya hekalu na kufunikwa. Adui hafanyi hivyo. Ni kazi ya watu waliorudi baada ya uharibifu wakakuta wafalme wao wamelala vipande vipande. Hawakuweza kuwasimamisha tena, wala hawakuwa tayari kuwatupa, kwa hiyo wakawapa maziko.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mkubwa kuliko yote ulifanywa miaka thelathini kabla ya shimo: kubaki. Wachimbaji wengi wa Bonde la Nile walizoea kwenda wanakosikia kuna mawe yenye maandishi. Kerma ni udongo. Kufuata ukuta wa matofali mabichi uliomezwa na udongo wa rangi ileile ni kazi ya subira, maana tofauti ni kivuli tu, unakigundua asubuhi jua likiwa chini na ardhi ikiwa na unyevu, saa nne kimeshapotea. Timu iliyokuwa imefanya hivyo kwa miongo mitatu ilikuwa na ramani ya mji mzima kichwani. Shimo lilipotokea walijua limekatwa kupitia sakafu ipi, na kwa hiyo ni la wakati gani.

Uamuzi wa pili ulihusu mahali pa kuziweka sanamu. Njia iliyozoeleka ilikuwa kuzipeleka makumbusho ya taifa, Khartoum. Zamani zaidi njia ilikuwa kugawana na wageni. Safari hii zilitengenezwa na kubaki Kerma, na mamlaka ya mambo ya kale ya Sudan ikakubali ijengwe makumbusho kando ya Deffufa. Ilifunguliwa mwaka 2008, na sanamu saba zimesimama pamoja katika ukumbi wake wa kati.

Ili kuelewa uzito wa hilo, mtu akumbuke yaliyowapata Wanubi. Miaka ya 1960 Bwawa la Aswan lilizamisha ardhi yao ya kaskazini. Dunia nzima ilijitokeza kuokoa mahekalu, na Abu Simbel likakatwa vipande na kuinuliwa. Watu wa Wadi Halfa, makumi ya maelfu, walihamishiwa Khashm el-Girba, mbali kabisa na mto wao. Mwaka 2007 mpango wa bwawa jingine, la Kajbar, kwenye Maporomoko ya Tatu yenyewe, ulizua maandamano. Waandamanaji wanne waliuawa kwa risasi. Kwa hiyo makumbusho ilipofunguliwa mwaka uliofuata, mwenye kijiji hapo hakuwa akitazama sanamu tu. Alikuwa akitazama kitu chake ambacho, mara hii, hakikuchukuliwa.

Uamuzi wa tatu ni wa kitaalamu na haukupigiwa picha sana. Misingi iliyochimbuliwa ya matofali mabichi haiwezi kuachwa wazi, kwani upepo wa kaskazini huisaga kama tupa. Timu iliifunika kwa safu chache za matofali mapya yaliyofuata mstari uleule, ili ya kale yakae salama chini na mgeni aweze kuona ramani ya jengo akitembea.

Na wa nne: baada ya sanamu, waliendelea kuchimba kwenda chini. Hapa ndipo ninapowavulia kofia. Mtu aliyepata wafalme saba angeweza kufunga kazi, akaandika kitabu, akazunguka dunia akihutubia. Vitabu viliandikwa na hotuba zilitolewa, lakini kila majira ya baridi walirudi kwenye tope.

## Matokeo

Chini ya mahekalu ya Thutmose na Hatshepsut walikuta majengo ambayo hayakufanana na chochote cha Misri. Misri hujenga kwa mstari ulionyooka na pembe ya mraba. Hapa palikuwa na kuta nene zilizopinda, kumbi za mviringo na za umbo la yai, nguzo nyingi zilizosongamana, na malango yaliyopindapinda. Bonnet aliyasoma majengo hayo kama mji wa ibada na wa kifalme wa Kiafrika, uliokuwepo wakati wa ufalme wa Kerma, mahali ambapo huenda watawala wa Kushi na washirika wao wa kusini walikutana. Wamisri walipokuja walijenga juu ya mahali palipokuwa patakatifu tayari.

Kwa Reisner, Kerma ilikuwa Misri ndogo. Kufikia hapo, hata lile eneo lililoonekana la Kimisri kabisa lilikuwa na Afrika chini yake.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana maana ya jambo hilo. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa mawe akakuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, mpaka akafika kwenye visikiti vidogo vya miti na udongo vya karne ya 8. Kabla ya hapo watu walizoea kusema miji ya mawe ya Waswahili ililetwa na wageni ikiwa tayari imekamilika. Ukisimama kwenye sakafu ya mawe unaweza kuamini hivyo. Sakafu ikitobolewa, hadithi inabadilika.

## Uchambuzi: nani aliyevunja?

Swali hili ndilo linalofundisha zaidi, kwa sababu jibu lake lilijengwa kwa ushahidi wa mbali na karibu.

Orodha ya wafalme inaishia kwa Aspelta, Doukki Gel na Barkal pia. Hakuna sanamu ya mfalme wa baada yake katika mashimo hayo. Basi uvunjaji ulitokea katika utawala wake. Aspelta alianza kutawala karibu na mwaka 593 KK, na mwaka huohuo Farao Psamtik wa Pili alituma jeshi kusini. Tunalijua jeshi hilo kwa njia ya ajabu: mamluki wake Wagiriki walichora majina yao kwenye mguu wa sanamu ya Ramses wa Pili huko Abu Simbel, kama vijana wanavyochora kwenye ukuta wa stendi. Jiwe la ushindi la Psamtik lililopatikana Shellal, karibu na Aswan, linasema jeshi lilifika Pnubs, na kwamba mateka 4,200 walichukuliwa. Isitoshe, nchini Misri Psamtik alifuta majina ya wafalme wa Kushi kwenye majengo yao, na nyoka wao wa pili akakwanguliwa.

Maandishi ya Doukki Gel yamekwisha kuonyesha kwamba Pnubs ilikuwa hapa. Jiwe la Shellal linasema Wamisri walifika Pnubs. Shimo la Pnubs lina wafalme waliovunjwa, wa mwisho akiwa ndiye aliyekuwa kitini mwaka huo. Hoja tatu zinafungana kama kamba. Sasa turudi kwenye Tabo ya mwaka 1969: kama Bonnet angeng'ang'ania hitimisho la ujana wake kwamba Pnubs ni kule kisiwani, kamba hii ingekatika. Aliachia. Katika taaluma ambayo watu hufa wakitetea makala ya kwanza waliyoandika, hilo si dogo.

Lakini kamba haijafika mwisho. Tangu mwaka 2008 huko Dangeil, karibu na Maporomoko ya Tano, mbali kupita Napata kwa anayeupanda mto, vilipatikana vipande vya sanamu katika hekalu la Amun: Taharqo, Senkamanisken, na mmoja anayedhaniwa kuwa Aspelta. Zimevunjwa namna ileile. Sasa hapo pana kazi. Je, jeshi la Psamtik lilifika mbali hivyo? Maandishi yake hayasemi waziwazi hata kwamba liliiteka Napata. Wako wanaosema lilifika, na wako wanaosema huenda palikuwa na ugomvi wa kiti ndani ya Kushi kwenyewe, na nyundo nyingine zilishikwa na Wakushi. Kwa Doukki Gel mimi bado namwona Psamtik, kwa sababu jina la mji liko kwenye jiwe lake. Kwa Barkal nakubali kwa uzito mdogo zaidi. Kwa Dangeil siwezi kumhukumu mtu ambaye ushahidi wa safari yake haupo. Kosa jepesi hapa ni kuchukua jibu zuri la mahali pamoja na kulivalisha mahali pote.

## Uchambuzi: yaliyofaulu na yaliyokwama

Reisner na Bonnet wote waliandika vizuri. Nalisisitiza kwa sababu ni rahisi kumfanya Reisner shetani wa hadithi. Tofauti ilikuwa katika swali walilokwenda nalo. Reisner alifika akiwa na jibu la nani anaweza kujenga dola, na kila kigae kikatafuta nafasi ndani ya jibu hilo. Alichokirekodi kilibaki sahihi hata pale alichokifikiri kilipoharibika, na ndiyo maana wengine waliweza kurudi kwenye shajara zake na kusoma upya. Mchimbaji asiyeandika anapokosea, kosa lake halina dawa, maana tabaka likishachimbwa halirudi.

Kilichokwama zaidi, kwa maoni yangu, ni jinsi kisa kilivyotangazwa. Sanamu ziliteka kila kitu. Jina "mafarao weusi" likaenea, na ingawa lilikusudiwa sifa, linawafanya wafalme hawa wawe Wamisri wa rangi nyingine, kana kwamba thamani yao ni kile kipande cha miaka isiyofika mia waliyoitawala Misri. Kumbi za mviringo zilizo chini ya mahekalu, ambazo ndizo zinazobadilisha historia, hazina uso wa kuwekwa kwenye jalada la gazeti. Mgeni anayefika Kerma anapiga picha na Taharqo, kisha anatazama misingi ya matofali kwa dakika tano na kurudi kwenye gari.

Na misingi hiyo ina tatizo lake. Yale matofali mapya yanalinda, lakini mtu wa kawaida hawezi kutofautisha cha kale na kilichofyatuliwa majuzi. Anachokiona ni uelewa wa timu uliogeuzwa kuwa ukuta. Kama siku moja uelewa huo utapingwa, itabidi mtu abomoe ili aangalie. Sijaona njia bora zaidi kwa bajeti ya mahali kama pale, ila bei yake ijulikane.

Kuna pia suala la nani anachimba. Maafisa na wanaakiolojia wa Sudan walikuwepo, vibarua wa vijijini walikuwepo kwa miongo, wengine wakirithishana kazi baba kwa mwana. Hata hivyo kisa kinasimuliwa kwa jina la Mzungu mmoja, na uchambuzi huu nao haukukwepa. Sababu ni ya kuchosha kuisema: majina yaliyochapishwa ndiyo yanayopatikana. Dangeil ni afadhali, kwani pale kazi iliongozwa kwa ubia wa Sudan na Uingereza, na jina la Msudani limo kwenye jalada tangu mwanzo.

## Makumbusho na vita

Uamuzi wa kuziacha sanamu Kerma ulikuja kupimwa kwa kipimo ambacho hakuna aliyekifikiria mwaka 2003. Tarehe 15 Aprili 2023 vita vililipuka Khartoum. Makumbusho ya Taifa ya Sudan ilikuwa mikononi mwa wapiganaji wa RSF, kikosi kilichokuwa kikipigana na jeshi la taifa, na jeshi lilipoitwaa tena sehemu hiyo ya mji mwezi Machi 2025, kabati zilikutwa tupu na stoo zimevunjwa. Vitu vidogo vilivyobebeka, vya dhahabu na vya thamani nyingine, vilikuwa vimekwenda.

Kuna watakaosema: basi Boston ilikuwa salama kuliko Khartoum, Reisner alifanya vyema kugawana. Hoja hiyo siitupi kwa hasira, maana Anlamani wa Boston kweli hajaguswa. Lakini Reisner hakugawa kwa kuogopa vita vya 2023. Aligawa kwa sababu aliyelipa gharama alitaka vitu. Na kama usalama ndio kigezo, Ulaya yenyewe iliyapigia mabomu makumbusho yake ndani ya kizazi kimoja baada ya hapo. Ninachokiona katika kisa hiki ni chembamba zaidi: kuweka kila kitu katika jengo moja la mji mkuu kulimfanya mporaji apate kazi ya mara moja. Sanamu za Doukki Gel hazikuwemo humo, kwa sababu watu wa Kerma walitaka zibaki kwao.

Katika makumbusho ya Khartoum alibaki Taharqo mwingine, yule wa Barkal, aliyechimbwa na Reisner akiwa vipande na kuunganishwa tena. Ana uzito wa tani kama saba. Waporaji hawakuweza kumbeba.